Baba Aliyeficha Makovu Yake



Majuma machache yaliyopita mzee mmoja alifika katika ofisi ya gazeti hili akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwa karatasi. Alinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristu," nami nikamwitikia, "Milele, amina." Kisha akakifungua kile kitu, akaweka mezani kasha jembamba lenye picha ya mtu mwenye upara na ndevu, na mtoto kando yake.

"Padre," akasema, "mwanangu ana miaka 15. Tangu mjomba wake amletee mchezo huu, hasikii la jembe wala la kitabu. Nami nimeambiwa kwamba mtu huyu ni nusu mungu, tena kazi yake ni kuua miungu. Tafadhali andika gazetini, wazazi wapate kuonywa."

Nilimwomba aniachie kasha lile kwa muda, maana haifai kuhukumu kesi usiyoisikiliza. Mwalimu mmoja kijana wa hapa parokiani, aliye na mashine ya PlayStation, alinionyesha mchezo huo jioni kadhaa, nami nikamwuliza maswali mengi. Leo natoa jibu langu. Walakini nakiri tangu mwanzo kwamba siyo lile tu alilolitazamia mzee wetu.

Mchezo huo waitwa God of War, yaani Mungu wa Vita. Ulitengenezwa Marekani na Santa Monica Studio, iliyo chini ya kampuni ya Sony, na wa kwanza ulitoka mwaka 2005. Ukafuatwa na wa pili mwaka 2007 na wa tatu mwaka 2010. Mwaka 2018 ukatoka mwingine, chini ya uongozi wa Cory Barlog, uliobadili mambo mengi, na mwaka 2022 ukafuata ule uitwao God of War Ragnarök. Mchezaji hushika vifungo mkononi, na kwa vifungo hivyo humwendesha shujaa katika kioo cha televisheni: apige, akinge, aruke, apande. Shujaa huyo ni Kratos, jina ambalo kwa Kigiriki maana yake ni nguvu. Mama yake ni mwanadamu; baba yake ni Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki wa kale.

Kwanza nimpe mzee wetu haki yake. Mchezo huu umejaa damu. Huko Ulaya umewekewa alama ya miaka 18, na Marekani miaka 17. Tena ile ya kwanza ina hata mambo machafu nisiyoweza kuyataja hapa. Kijana wa miaka 15 hafai kuucheza, na mzazi aliyeuondoa mikononi mwake ametimiza wajibu wake. Alama zile hazikuwekwa kwa mapambo. Basi mzazi asiogope kuitwa mshamba kwa kuzifuata.

Pili, kuhusu neno hilo, nusu mungu. Mzee alihofu kwamba kijana atamchanganya Kratos na Bwana wetu. Naona hofu hiyo yaondoka upesi kijana akifundishwa vema. Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, ulifundisha kwamba Kristu ni Mungu kweli na mtu kweli, Nafsi moja katika asili mbili, zisizochanganyika wala kutengana. Katika imani yetu hakuna nusu. Nusu mungu wa Wagiriki ni kitu kingine kabisa: ni mtu aliyezidishiwa nguvu, kama vile chai izidishiwavyo sukari. Utakatifu haumo, huruma haimo. Imo misuli tu. Mtoto aliyefundishwa katekisimu aweza kuiona tofauti hiyo mwenyewe, na pengine kuifahamu imani yake zaidi kwa kuilinganisha.

Lakini kiini cha hadithi hii hakimo katika umungu wa Kratos. Kimo katika dhambi yake, na katika mtoto wake. Hapo ndipo inapotuhusu sisi wazazi na walezi.

Kratos alikuwa jemadari wa jeshi la Sparta. Siku moja vitani, alipoona kwamba yu karibu kuuawa na mfalme wa maadui, alimlilia Ares, mungu wa vita, akaahidi kumtumikia kama angempa ushindi. Ares akamwokoa, akampa mapanga mawili yenye minyororo ya moto, na minyororo hiyo ikaunguza mikono yake hata ikashikamana na nyama. Tangu siku hiyo aliua kila alipoagizwa, bila kuuliza. Ndipo usiku mmoja akavamia kijiji, akaingia hekaluni, akawaua wote waliokuwamo. Hasira ilipompoa, aliona kati ya maiti mke wake na binti yake, ambao Ares alikuwa amewaweka humo kwa hila. Kwa laana aliyotamkiwa, majivu yao yakagandamana na ngozi yake, akawa mweupe mwili mzima. Nao watu wakamwita Mzuka wa Sparta.

Wagiriki wenyewe walikuwa na kisa kinachofanana na hicho. Walisimulia juu ya Heracles, mwana wa Zeus na mwanamke Alcmene, kwamba mungu mke Hera alimtia wazimu, naye akawaua wanawe kwa mikono yake. Mtunzi Euripides alikiigiza kisa hicho jukwaani katika karne ya 5 kabla ya Kristu. Katika mchezo wake, Heracles ataka kujiua kwa aibu. Lakini rafiki yake Theseus amwendea, hamwogopi wala hamwonei kinyaa, ampeleka kukaa naye Athene.

Kratos hakuwa na rafiki wa namna hiyo. Aliitumikia miungu miaka 10, akitumaini kwamba itamwondolea ndoto za usiku ule. Mwishowe ilimwambia: Mwue Ares, nasi tutakusamehe. Akamwua. Wakamsamehe, lakini wakakataa kuziondoa ndoto. Ndipo alipokwea genge refu, akajitupa baharini. Hata kufa hakuruhusiwa: miungu ikamtoa majini, ikamkalisha katika kiti cha Ares, akawa yeye mungu wa vita. Na katika michezo miwili iliyofuata aliigeukia miungu ile ile, akaiua mmoja mmoja, hata Zeus baba yake, na nchi yote ya Wagiriki ikaangamia pamoja nao.

Nilipofika hapo nilizima mashine nikatafakari. Tazameni ni msamaha gani aliopewa mtu huyu. Hakuulizwa kama anajuta. Hakuna aliyemwambia aende kwa ndugu za waliouawa. Aliagizwa kuua mara moja zaidi, naye akapewa msamaha kama kibarua apewavyo ujira wake jioni. Ndiyo maana haukumfaa kitu. Sisi twafundishwa kwamba katika Sakramenti ya Kitubio yahitajiwa majuto, maungamo na malipizi, na kwamba hata dhambi ikiisha kuondolewa, alama zake zaweza kubaki: mazoea mabaya, uharibifu uliofanyika, kumbukumbu inayouma. Padre hamwahidi mtu kwamba ataisahau dhambi yake. Mwenye kutubu hukubali kwenda na kumbukumbu hiyo, akitengeneza kile awezacho kutengeneza. Kratos alitaka kusahau tu. Na kwa kuwa hakuweza kusahau, alitafuta wa kumlipiza.

Sasa tuje katika mchezo wa mwaka 2018, kwa maana ndio uliokuwa katika kasha la mzee wetu.

Miaka mingi imepita. Kratos amekimbilia nchi za baridi za kaskazini mwa Ulaya, kwenye miungu ya Wanorse wa kale. Amezeeka, ana ndevu, ameoa tena. Mke huyo, Faye, amekufa, na kabla ya kufa ameomba majivu yake yatawanywe juu ya kilele kirefu kuliko vyote. Basi baba na mwana, Atreus, wafunga safari. Baba asema maneno machache. Mara nyingi hamwiti mwanawe kwa jina; humwita "mtoto" tu. Mikono yake imezungushiwa vitambaa tangu kiganja mpaka kiwiko, na chini ya sakafu ya nyumba amefukia yale mapanga mawili. Mtoto hajui baba ametoka wapi, ameua nani, wala kwamba baba ni mungu, naye mwenyewe ana damu hiyo.

Kratos afanya hivyo kwa nini? Kwa upendo. Hilo lazima tulikubali. Anadhani kwamba mwana asiyejua hatarithi. Lakini kijana aanguka mgonjwa, na yule Freya, mungu mke mwenye kujua dawa, amweleza baba kwamba ugonjwa huo watokana na kule kutojua: mwili wa kijana wapigana na asili ambayo akili yake haijaambiwa. Ili kupata dawa, baba alazimika kurudi nyumbani, kuinua mbao za sakafu, na kuyatwaa tena mapanga aliyoyafukia. Nawaambia, wasomaji wangu, katika sehemu hiyo hakuna pigano kubwa, lakini ndiyo iliyonigusa kuliko mapigano yote. Ni wazazi wangapi wenye kitu chini ya sakafu?

Kijana apona, na baba amwambia: Wewe ni mungu. Basi, anyamaza hapo. Amwambia habari za ukuu, asimwambie habari za dhambi. Na matokeo yake? Mtoto yule mpole ageuka kuwa na kiburi. Awajibu watu kwa dharau, na adui mmoja, Modi, ambaye amekwisha kujeruhiwa na hawezi tena kuwadhuru, amchoma kisu akafa, ingawa baba amemkataza. Nilistaajabu kuona jambo hilo limefahamika vizuri hivyo kwa watengeneza michezo. Kumwambia mtoto nusu ya ukweli, tena ile nusu ya sifa, ni hatari kuliko kunyamaza. Nasi twawafahamu vijana waliokuzwa kwa kusimuliwa jinsi babu zao walivyokuwa na mashamba na ng'ombe, bila kuambiwa mali hiyo ilipatikanaje. Vijana hao huwaangalia jirani zao kana kwamba ni watumwa wao.

Mchezo huo una mzazi wa pili, naye ndiye huyo huyo Freya. Katika masimulizi ya kale yaliyoandikwa na Snorri Sturluson huko Iceland katika karne ya 13, mama wa Baldur aitwa Frigg, naye aliviapisha vitu vyote visimdhuru mwanawe, akasahau mmea mmoja mdogo. Watengeneza mchezo wamekigeuza kisa hicho kwa akili. Katika mchezo, mama amfunga Baldur kwa uganga asiweze kuumia. Lakini asiyeweza kuumia hawezi kuonja chakula pia, wala kuhisi baridi, wala kufurahia kuguswa na mtu. Mwana amwomba mama amfungue, naye akataa, na siri ya kumfungua aificha. Ulinzi wa namna hiyo wazaa chuki kubwa mno, hata Baldur, alipofunguliwa kwa bahati, ataka kumnyonga mama yake aliyemzaa. Kratos amwua ili amponye mama. Na mama, badala ya kushukuru, amlilia mwanawe na kuapa kulipiza kisasi.

Hapo, mbele ya maiti, ndipo Kratos anapofungua kinywa. Amwambia mwanawe kwamba ameua wengi, waliostahili na wasiostahili, na kwamba alimwua baba yake mwenyewe. Kijana auliza kwa uchungu kama basi hiyo ndiyo desturi ya miungu, wana kuwaua wazazi wao. Baba amjibu kwamba wao wawili watachagua kuwa tofauti na wale waliotangulia. Na kabla ya kupanda kwenye kilele cha mwisho, Kratos avifungua vile vitambaa mikononi, avitupa, na makovu ya minyororo yaonekana. Hana tena la kuficha.

Basi swali ambalo mchezo huu watuachia ni hili: Je, yampasa mzazi kumfunulia mwanawe dhambi zake za zamani?

Wengine watasema, la, hasha. Watataja Amri ya Nne, na heshima ya nyumba. Watakumbusha habari za Nuhu alipolewa, jinsi wanawe wawili walivyosifiwa kwa kumfunika baba yao bila kumtazama. Hoja hiyo ina uzito. Lakini angalieni: waliomfunika Nuhu ni wanawe, kwa upendo, nao walijua. Tena Maandiko Matakatifu, yanayowasifu wana hao, hayakutuficha kwamba baba alilewa. Hayakutuficha dhambi ya Daudi, wala Petro kumkana Bwana. Hata katika orodha ya wazee wa Bwana wetu, Mtakatifu Mathayo amtaja mama wa Sulemani kama aliyekuwa mke wa Uria, ili dhambi ile ya Daudi isisahauliwe. Naye Mtakatifu Augustino, aliyekuwa na mwana jina lake Adeodatus kabla ya kubatizwa, alipokwisha kuwa Askofu aliandika kitabu cha Maungamo, akayaeleza makosa ya ujana wake mbele ya dunia nzima, na mwana huyo akamtaja humo humo kwa upendo na bila kujificha. Heshima ya watu hao haikupungua.

Naona jibu limo katika kutofautisha siri za namna mbili. Iko siri inayomlinda mtoto, na iko siri inayomlinda mzazi. Ya kwanza ni halali, na mara nyingi ni wajibu. Mtoto wa miaka 7 habebeshwi mzigo wa mtu mzima. Mambo ya uchafu hayasimuliwi kinaganaga kwa umri wo wote. Siri ya mwenzako, hasa ya mama wa watoto, si mali yako uitoe. Wala mzazi asimgeuze mwanawe kuwa padre wake, akimwaga yote ili yeye apate usingizi. Kwa ajili ya hayo kiko kiti cha maungamo, na neno lisemwalo humo halitoki.

Lakini siri ya pili ni nyingine. Kama liko jambo ambalo mtoto atalirithi, apende asipende, basi hilo si lako peke yako. Kaka au dada aliyezaliwa kabla ya ndoa, ambaye siku moja atabisha hodi. Kiwanja kilichopatikana kwa kumdhulumu mjane. Kifungo cha zamani ambacho kijiji kizima chakijua isipokuwa watoto wako. Ulevi uliomwua babu na uliokaribia kukuua wewe: mambo hayo yako chini ya sakafu ya nyumba, na watoto wanalala juu yake. Kijana atayasikia. Tofauti ni hii tu, atayasikia kwako, pamoja na habari za kujuta kwako na za kutengeneza kwako, au atayasikia kilabuni, kwa mtu asiyempenda.

Na mzazi asiyapambe. Wako wababa wanaosimulia makosa ya ujana wao huku wakicheka, kana kwamba wanahesabu nishani. Huko si kufungua makovu. Ni kunoa tena mapanga. Kijana ajue kwamba jambo lile lilikuwa baya, kwamba baba alilia kwa ajili yake, na kwamba anampa habari hiyo ili asipite njia ile ile.

Sidai kwamba Kratos ni mfano wa kutubu. Hana wa kumwungamia, na maisha yake hata mwisho ni ya upanga. Katika ulimwengu wake hakuna Mungu apendaye. Iko miungu tu, kila mmoja na njaa yake. Lakini jambo moja alilitenda ambalo wengi wetu, tulio na Sakramenti na neema zote, hatulitendi: aliisema kweli mbele ya mwanawe, naye akabaki karibu naye baada ya kuisema.

Mzee wetu aliporudi kulichukua kasha lake, nilimweleza hayo yote kama nilivyowaeleza ninyi. Alikaa kimya muda mrefu, mikono magotini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na kijana akiniuliza mimi, Padre?"

Sikumwuliza ana jambo gani; ofisi ya gazeti si mahali pake. Nilimwambia kwamba kwanza alimalize na Mungu, kama hajalimaliza. Halafu aongee na mama wa watoto. Halafu asingoje kuulizwa. Amchukue kijana siku moja shambani, wawili tu, kwa maana mikono ikiwa na kazi maneno magumu hutoka kwa wepesi zaidi.

Alilifunga kasha kwa karatasi ile ile. Akaniambia kwamba atalitia sandukuni mpaka kijana afikishe miaka 18. "Lakini lile lingine," akasema, "halitangoja muda huo." Tukaagana mlangoni, naye akashika njia ya kwake. Tumwombee yeye na mwanawe, wapenzi wasomaji, na kila mmoja aikague sakafu ya nyumba yake.